Redio Yangu ya Ghalani Iliyoongea Kama Bata

Vijana, fundi akikuambia hajawahi kuchoma kitu cha mtu, huyo ni muongo au bado hajaanza kazi. Mimi nimechoma redio za wakubwa na za wadogo. Nimechoma kitambaa cha meza cha harusi yetu. Mwaka mmoja nilichoma ndevu, nikaenda kanisani Jumapili nikiwa nazo upande mmoja, na mhubiri akapoteza mstari aliokuwa akisoma. Kwa hivyo mkinisikia nikijisifu hapa, jueni najisifu nikiwa na makovu.

Jina langu ni Barasa. Nimetengeneza redio miaka arobaini, kwanza Malakisi, halafu Bungoma mjini kwenye kibanda kilicho karibu na msikiti. Macho yalipoanza kunikataa nilimwachia kibanda mwanafunzi wangu, Zainabu, nikarudi kwa shamba letu nje ya Kitale kulima mahindi na mke wangu, Mama Nekesa. Nyinyi mkinikuta njiani mnaniuliza, "Mzee, ile redio ya kompyuta uliiunda aje?" Haya basi, kaeni niwaambie. Ila sitaenda moja kwa moja, maana hata redio yenyewe haikuenda moja kwa moja.

Redio ninayoisema si ya kusikiliza taarifa na matangazo ya vifo. Hii unasikiliza na unajibu. Unafanya mtihani, unapewa leseni na jina lako la hewani, halafu unaongea na wenzako wenye leseni, wa hapa na wa ng'ambo, bila biashara, raha tupu. Mtihani niliufanya nikiwa nimeshastaafu. Msimamizi alidhani nimemleta mjukuu, akaniambia wazazi wanangoja nje.

Baada ya kupita nikaagiza pakiti ya vipuri vya kujiundia. Ikaja bahasha. Si sanduku, bahasha! Ndani kuna ubao mdogo wa kutosha kiganjani, vipuri vidogo kama mbegu za wimbi, na kijitabu. Nikageuza bahasha nikaitikisa. Nikauliza, redio iko wapi? Kumbe siku hizi sehemu kubwa ya redio ni programu inayokaa ndani ya kompyuta. Ubao unashika mawimbi tu na kuyakabidhi, na kompyuta inapiga hesabu mpaka yanakuwa sauti. Mimi niliyezoea kufungua redio na kukuta koili na vyuma vya kukaza kwa bisibisi, niliona kama nimeuziwa kifuniko bila sufuria.

Mahali pa kufanyia kazi palikuwa ghala. Nyinyi wa Kitale mnajua, mahindi yakishauzwa Januari, ghala linabaki tupu mpaka mavuno ya Novemba. Nikamwomba Mama Nekesa. Akafikiri kwanza, ndiye mwenye ufunguo.

"Chukua," akasema. "Lakini mahindi mapya yakikauka, hiyo ni nyumba ya mahindi. Ikiwa redio yako itakuwa inaongea, tutazungumza. Ikiwa haiongei, Baba Nekesa, utafunga hivyo vyuma umpelekee Zainabu, na ukubali umestaafu."

Nikakubali haraka haraka. Januari mpaka Novemba! Mimi niliyekuwa nikimrudishia mtu redio kabla chai yake haijapoa. Lakini sitawaficha, neno lile la mwisho lilinichoma. Mkono wangu ulikuwa umeanza kutetemeka nikishika kikombe, na sikuwa nimemwambia mtu. Kufunga vyuma vile kungekuwa kuniambia kwamba Barasa fundi amekwisha na amebaki Barasa wa kufukuza ngedere shambani. Niliogopa sana.

Kazi iliyonitoa jasho kwanza ni koili. Unapewa kijipete cheusi kama kifungo cha shati, na waya mwembamba. Unapitisha waya kwenye tundu, unazungusha, unapitisha tena. Shikeni hili: kila waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza unaoonekana haujazunguka kitu. Ukikosea hesabu, redio itasikiliza mahali pengine kabisa. Sasa kitabu kinataka mizunguko thelathini na mbili, nimefika kumi na tisa, jirani anaingia. "Mulembe!" Kwetu humsalimii mtu ukiwa umekaa umeng'ang'ania waya. Unasimama, unatoa mkono, unauliza ng'ombe, watoto, na yule aliyelazwa. Akienda, hesabu imeenda naye. Niliifungua koili ile mara nne.

Mara ya tano nikaleta bakuli mbili na punje thelathini na mbili za mahindi. Waya ukipita, punje moja inahama bakuli. Nikajiona mjanja! Akaja katekista, nikasimama kumsalimia, na niliporudi kuku wa Mama Nekesa alikuwa ndani ya bakuli anamalizia hesabu yangu. Mama Nekesa alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo nahesabu kwa vifuniko vya soda. Kuku hali kifuniko.

Mniruhusu sasa nirudi nyuma kidogo, Malakisi. Aliyenifunza kazi ni mzee mmoja tuliyemwita Mzee Situma. Wateja wetu walikuwa wakulima wa tumbaku, na redio zao zilining'inia kwenye vibanda vya kukaushia majani. Ukifungua mfuniko, kabla hujaona waya hata mmoja, unapiga chafya tatu. Mzee hakuwa na mita ya kupimia. Alikuwa na kidole. "Kilambe," alikuwa akisema, "halafu gusa mguu wa kati wa kile kidude cha kuongeza sauti. Ikinguruma mmmm, kuanzia hapo mpaka spika ni salama, ugonjwa utafute upande wa eriali. Ikinyamaza, ugonjwa uko upande wa spika." Kwa kidole hicho nimesomesha watoto watatu. Na nilipompata Zainabu, msichana wa mjini aliyekuja kibandani na redio mbovu ya babake akakataa kuondoka mpaka nimwonyeshe ndani, kitu cha kwanza kumfunza kilikuwa kidole.

Lakini kuna kingine nilichojifunza Malakisi, na hicho sikijivunii. Siku moja Mzee alikuwa anafunga redio kwenye lori. Mimi nimesimama nyuma yake na tochi. Nikaona kabisa amegeuza nyaya za betri, chanya iko mahali pa hasi. Sasa mwanafunzi atamwambiaje mwalimu wake amekosea, tena mwenye lori anatazama? Nikanyamaza. Moshi ukatoka. Mzee akasema, "Hii redio ilikuja mbovu." Nami nikaitikia, "Ndiyo, Mzee." Mwenye lori akatuomba radhi kwa kutuletea kitu kibovu! Wallahi niliona haya. Nikaapa kwamba nikiwa mwalimu mimi, wanafunzi wangu wataniambia nikikosea. Kiapo kizuri. Tatizo ni kwamba sikumwambia Zainabu kama nimeapa.

Basi, ghalani. Februari ubao ulikuwa tayari, kila kitu kimelehemiwa, nimevaa miwani mbili moja juu ya nyingine. Nikawasha. Taa ikawaka, sauti hakuna. Mkono ukafanya ulichozoea: kidole kikaenda kwenye mguu wa chipu. Asubuhi za Februari huku kwetu mnazijua, baridi ya mlima na hewa kavu ya vumbi. Nilikuwa na sweta yangu ya nailoni, juu ya kiti cha plastiki, nimejisugua hapo tangu alfajiri. Kabla kidole hakijafika, cheche ikaruka, taa ya ubao ikazimika. Nikasema, eh, chipu za siku hizi!

Nikaenda Bungoma. Kibanda changu cha zamani sikukitambua. Zainabu sasa ni fundi wa simu, ana darubini ya mezani, ana mkeka wa mpira, na mkononi amejifunga kamba ya waya iliyokwenda mpaka ukutani.

"Zainabu, mbona umejifunga kama ndama?"

"Ni mtindo tu, Mwalimu," akasema, akainamisha uso. "Karibu chai."

Akaangalia ubao kwa darubini, muda mrefu. Akasema chipu imekufa. "Hizi za siku hizi ni laini, Mwalimu. Zinakufa zenyewe."

"Si ndiyo nilisema!" nikamjibu.

Chipu nyingine ilikuja tukiwa tumeshapanda na kupalilia mara ya kwanza. Zainabu akaibandika kwa dakika chache, miguu yake yote ile midogo, mkono wake hautikisiki hata kidogo. Nilimwonea fahari. Akafunga kifuniko akanipa, akasema, "Sasa ni nzima kabisa, Mwalimu. Usiiguse tena." Nikadhani anatania.

Nilipofika nyumbani nikafungua kifuniko kuitazama tu, kwa furaha. Nikaona ajabu. Kutoka kwenye ubao kuna nyaya mbili zinazokwenda kwenye kompyuta kwa upande wa kusikia, na mbili nyingine kwa upande wa kurusha, kushoto na kulia. Mimi nilikuwa nimeunganisha kama fundi yeyote wa spika anavyojua: nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Miaka arobaini! Sasa naona nyekundu iko kushoto, pande zote mbili. Nikatikisa kichwa. Maskini Zainabu, nikasema, simu zimemharibu, amesahau hata rangi. Nikawasha chuma cha kulehemu, nikazirudisha zilivyokuwa. Jioni nikamtaja kwenye maombi.

Nikawasha redio. Uhai! Ghala likajaa mvumo wa hewani, na watu wanaongea. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye boriti. Lakini kusikiliza vizuri, hawaongei, wanalia kama bata. Kila nikihamia mahali, ni bata. Mwanamume bata, mwanamke bata.

Lugulu kuna muuguzi mstaafu, Sista Rosa, mwenye leseni kama mimi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi anakaa hewani kungojea wenzake wa Magharibi. Nikambonyezea kitufe nikamwita kwa mbwembwe zote. Baada ya dakika simu ya mfukoni ikalia.

"Baba Nekesa, ni wewe uko hewani?"

"Ni mimi! Unanisikia?"

"Nakusikia wazi kabisa, lakini ati unaongea lugha gani? Huku ni kwa kwa kwa tu. Nilidhani mtu amekalia bata."

Tangu Juni mpaka Oktoba nilimwinda bata huyo. Nilibadilisha eriali mara tatu, nikapanda mkaratusi na umri huu wangu, jirani wakaja kuniimbia nishuke. Nilirudia kulehemu kila kiungo. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa zile nyaya nne, maana kwa zile nilikuwa na hakika. Andikeni hilo mahali, vijana. Kosa hujificha pale una hakika, kwa sababu hapo ndipo hutazami.

Mahindi yakakatwa, yakapukuchuliwa, yakaanikwa juu ya maturubai. Kila jioni Mama Nekesa anaokota punje moja anaitafuna kupima ukavu, huku ananiangalia. Siku za kwanza punje ilikuwa inabonyea. Halafu ikaanza kupasuka, ka! Alhamisi akatafuna, nikaisikia toka ghalani. Akasema bila ukali, "Baba Nekesa, Jumamosi yanaingia."

Usiku huo sikulala. Ijumaa asubuhi nikafunga ubao na kompyuta kwenye begi, nikaenda Bungoma. Na niwaambie ukweli, nilibeba pia vyuma vyangu vyote. Nilikuwa naenda kumwachia.

Zainabu akafungua kifuniko. Akaona nyekundu imerudi kulia. Akakifunga taratibu, akachukua simu akatoka nje, akasimama chini ya dirisha. Simu yake ina sauti kubwa, nilisikia yote.

"Mama, samahani. Naomba ruhusa yako. Kuna kitu nataka kumwambia Mwalimu, na naogopa nitakuwa nimemvunjia heshima."

"Mwambie!" Mama Nekesa akajibu. "Mimi nimemwambia miaka arobaini, bana, hajasikia. Labda wewe una bahati."

Akarudi ndani, akajirekebisha leso, akakaa.

"Mwalimu, umekosea."

Nikaweka chini begi la vyuma.

"Kitabu kina mchoro. Nyaya za hii redio hazifuati rangi. Ubao unatoa nakala mbili za sauti moja, moja inatangulia nyingine kidogo sana, na kompyuta inaangalia ipi imetangulia ndiyo ijue sauti ikae upande gani. Ukizibadilisha, sauti inageuzwa chini juu. Ndiyo hao bata. Ile mara ya kwanza nilizigeuza mimi, nikaogopa kukwambia. Nawe ukazirudisha."

"Na chipu?"

"Ni sweta, Mwalimu. Sweta na kidole. Nguo ikisuguliwa inazaa stima. Ndiyo maana najifunga hii kamba, inaipeleka ukutani."

"Kidole? Kidole changu?"

"Mwaka ule uliponiachia kibanda, kidole kiliniulia simu tatu za watu," akasema, sauti imepungua. "Nikaacha kidole. Ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyenipa kazi mkononi, wakati wengine walisema msichana hashiki bisibisi."

Damu ilinipanda. Mimi nina hasira za karibu, msinione hivi. Nilifungua mdomo nimjibu, na moshi wa lile lori la Malakisi ukanijia puani, nikajiona nimesimama na tochi, nimeona na nimenyamaza. Huyu mtoto wa watu amesimama na tochi nyuma yangu miaka yote hii! Hasira ikageuka kicheko. Nilicheka mpaka machozi, naye akaanza kucheka, na mteja aliyekuja kuchukua simu yake akacheka bila kujua tunacheka nini.

"Zainabu," nikasema, "niambie tena."

"Umekosea, Mwalimu."

"Mara nyingine usiombe ruhusa kwa mtu. Na kesho uje Kitale, mahindi yanaingia saa nne."

Jumamosi alifika mapema. Nje, vijana wanne wa kubeba magunia wameshajipanga ukutani. Mama Nekesa amesimama mlangoni na ufunguo shingoni. Mimi ndani, nyekundu kushoto, nyeupe kulia. Ilipotimia saa nne nikabonyeza kitufe, nikataja jina langu la hewani, nikasema, "Lugulu, Lugulu, hii ni Kitale, unanisikiaje?"

Kimya.

Nikangoja. Kimya kabisa, hata mvumo hakuna. Nikahisi mkono umeanza kutetemeka, na safari hii watu wote wanauona. Nikamgeukia Mama Nekesa, sikuweza kuficha. "Imekataa," nikamwambia. "Ingiza mahindi yako. Nimekwisha, mama."

Mama Nekesa alinitazama. Hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Akaja akaniwekea mkono begani, akasema polepole, sauti ambayo huwa haitoi mbele za watu, "Nani amekwambia umekwisha? Jaribu tena, Baba Nekesa. Hili ghala ni lako. Mahindi yatapata pa kulala."

Hapo Zainabu akapiga kelele, mbele yetu wote, mbele ya vijana wa magunia:

"Mwalimu, umekosea! Kitufe! Bado umekibonyeza!"

Nikatazama kidole changu. Ukweli, kilikuwa kimekazwa pale pale tangu mwanzo. Nikakiachilia, na sauti ya Sista Rosa ikajaa ghala, safi, sauti ya mtu, hata pumzi yake unaisikia.

"Kitale, nakusikia tangu zamani, si uninyamazie na mimi niseme! Nimesikia kila neno. Kuna wenzetu wengine wawili watatu hapa hewani nao wamesikia. Mwambie Mama Nekesa sisi ni mashahidi, ghala amelitoa."

Vijana wa magunia walianguka kwa kicheko. Zainabu alijifunika uso na leso. Mama Nekesa akashika kiuno, akaiangalia redio, akaniangalia mimi, akajaribu kukasirika ikamshinda. Akawageukia wale vijana.

"Mnangoja nini?" akasema. "Yapelekeni sebuleni."